Nyoka wa kwenye chungu cha maua: mgeni sawa, ila mvamizi?

Shangazi yangu anakaa Magomeni na kwenye korido yake kuna maua mengi kuliko watu. Juzi kati alikuwa anahamisha asumini yake kutoka kwenye kopo la rangi kwenda kwenye chungu kikubwa, akaligonga kopo, udongo ukamwagika, na humo ndani kukawa na kitu cheusi kinang'aa, chembamba kama kamba ya kiatu, kinajinyonganyonga kwa spidi kutafuta pa kujificha. "Ndumakuwili!" Nyumba nzima ikasimama. Mpangaji wa chumba cha mbele akaja na mafuta ya taa, mwingine kabeba fagio, watoto wameshapanda juu ya viti vya plastiki, mi nikasema jamani nipeni dakika moja tu, nikamzoa nikamuweka kwenye kisosi.

Binamu yangu anasoma chuo, akampiga picha, akaperuzi kwenye simu, akatoa hukumu. "Huyu sio wa kwetu, katoka Asia. Mvamizi huyu. Hawa ndo wa kuua kabisa, wote."

Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, si wewe ndo unajifanya unawajua hawa wadudu. Ni kweli?"

Nusu ya kwanza ni kweli, katoka Asia. Hiyo nusu ya pili ndo imenikalisha kitako niandike hii yote, maana naona tunaichanganya sana, na sio binamu yangu peke yake, hata watu wenye digrii zao utawasikia wanasema "sio wa asili, kwa hiyo ni vamizi" kama vile hiyo "kwa hiyo" imejithibitisha yenyewe.

Tumjue kwanza mtuhumiwa. Kwa wataalamu anaitwa Indotyphlops braminus, alielezwa kisayansi mwaka 1803 na Mfaransa mmoja, Daudin, kutokana na nyoka wa India. Mkubwa wao anafika sentimita 17 hivi, basi, hakui tena. Macho yake ni vidoa viwili vyeusi chini ya magamba, anachoweza kutofautisha ni mwanga na giza tu, ndo maana anaitwa nyoka kipofu. Hana sumu, na kinywa chake ni kidogo kiasi kwamba hata ukimwekea kidole hana pa kukishikia. Mkiani ana kincha kidogo ambacho ukimshika anakisukumizia kwenye ngozi, hapo ndo watu wanaapa wameng'atwa na kichwa cha pili. Ukitaka kumtofautisha na nyungunyungu angalia ngozi, huyu ni mkavu na anateleza, hana zile pingili, na ukituliza macho utaona anatoa ulimi.

Anakula mayai na mabuu ya sisimizi na mchwa. Mchwa, jamani, hawahawa waliokula fremu za milango ya nusu ya Dar. Na kuna watafiti wa Japani waliomchunguza wakagundua kwamba akimkamata mchwa mara nyingi anamsugulia chini mpaka kichwa kinachomoka halafu ndo anameza kiwiliwili, kichwa anakiacha. Kingine kinachonifurahisha mpaka leo ni kisa cha Timor ya Mashariki, watafiti walimkuta mmoja anatoka nyuma ya chura, yaani alimezwa, akapita utumbo wote, akatokea upande wa pili akiwa hai. Na chura mwenyewe alikuwa mgeni kwenye kisiwa kile. Mgeni kala mgeni, mgeni katoka.

Sasa kinachomfanya aogopwe na wanaojua ni uzazi. Wote ni majike. Hajulikani dume hata mmoja. Ana seti tatu za kromosomu badala ya mbili kama mimi na wewe, anataga mayai machache bila kukutana na mtu yeyote, na vinavyoanguliwa ni vijike vilevile vinavyofanana na mama yao. Kwa hiyo mmoja akidondoka na kiriba cha mche sehemu ambayo haijawahi kumuona ndugu yake yeyote, anaanzisha ukoo peke yake, hakuna posa wala mahari. Ndo maana anahesabiwa kuwa nyoka aliyesambaa kuliko wote duniani, yuko Afrika, Amerika, Australia, visiwa vya Pasifiki, na huku kwetu yuko kwenye miji ya pwani, Dar ikiwemo.

Usafiri wake ni udongo wa mimea. Ukipita barabara ya Bagamoyo ukaangalia wauza maua walivyojipanga pembeni na viriba na vyungu vyao utaelewa bila kufundishwa, udongo umetoka huku, samadi imetoka kule, mche umekuja na mtu kutoka Tanga, na jioni gari la mteja linaondoka na vyungu kumi kwenda Mbezi, Goba, Kibaha, hakuna anayefukua kuangalia kuna nini kwenye mizizi, na wala sisemi wauza maua wana kosa, udongo ni udongo, nani anachekecha udongo?

Basi binamu yangu akipitia hayo anasema umeona, anazaa peke yake, anasafiri bure, yuko kila mahali, unataka ushahidi gani tena?

Nataka ushahidi wa madhara. Kusambaa ni kitu kimoja, kuharibu ni kitu kingine, na huyu nyoka ni bingwa wa hilo la kwanza. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, ule wa mwaka 1992 ambao Tanzania ni mwanachama, hauishii kwenye ugeni, unataka kuingia au kusambaa kwa huyo kiumbe kuwe kunatishia viumbe wengine ndo aingie kwenye kapu la wavamizi. Na mwaka 2023 jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, IPBES, lilitoa ripoti kubwa kuhusu jambo hilihili. Walihesabu zaidi ya spishi 37,000 ambazo binadamu tumezihamisha tukazipeleka zisikotoka, na kati ya hizo zilizo na ushahidi wa madhara ni zaidi ya 3,500. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo ni kama asilimia 14. Wengine wote waliobaki ni wageni tu, wamehamia, wanakula, wanalala. Sio kwamba hao 3,500 ni wachache wa kudharau, ripoti hiyohiyo inasema viumbe vamizi wamehusika kwenye asilimia 60 ya spishi zilizotoweka kati ya zile ambazo sababu za kutoweka kwake zinajulikana, hilo sio jambo la mchezo, na ndo sababu mi sitaki hilo jina ligawiwe ovyo.

Chukua kunguru. Mkazi yeyote wa Dar anawajua, hawa wenye shingo ya kijivu, na wao wametokea India kama huyu nyoka. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kwa nia njema kabisa, wasaidie kusafisha uchafu wa mji. Leo hii kamuulize mtu yeyote anayefuga vifaranga uswahilini. Wanaiba mayai, wanabeba makinda ya ndege wengine, wanawafukuza ndege wadogo kwenye miti yao, wanafungua mifuko ya taka wanatapanya, wanachukua kitumbua mkononi mwa mtoto mchana kweupe. Mpaka sumu imetumika kuwapunguza, Zanzibar na Dar, wakapungua, wakarudi. Huyo ukimwita mvamizi sina neno, faili lake limejaa. Na muembe je? Nao ulikuja kutoka Asia. Mwarobaini vilevile. Kunguru, muembe, nyoka kipofu, wote asili yao upande mmoja wa bahari na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayewaweka kwenye sentensi moja ya hukumu. Kwa hiyo mahali pa kuzaliwa hapatuambii kitu kikubwa, panatuambia tu kwamba inabidi tumuangalie.

Wanaoogopa nyoka wageni huwa wanakimbilia Florida, kule Marekani, nami sitakaa sana huko maana kila mtu ameshaona zile vidio. Chatu wa Burma walifugwa majumbani, wengine wakatoroka, wengine wakaachiwa, wakajaza mbuga ya Everglades, na utafiti uliochapishwa 2012 ulikuta kwamba rakuni wanaoonekana barabarani usiku wamepungua kwa asilimia 99.3. Hapo hakuna mjadala. Ila ujue pia chatu huyohuyo kwao Asia yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, wanamchuna ngozi na kumla. Muuaji huku, yatima kule.

Kisa kinachonisumbua mimi kwa kweli ni cha Guam, kwa sababu kinanipiga mimi mwenyewe na hoja yangu. Guam ni kisiwa kidogo cha Marekani kwenye Pasifiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliingia nyoka wa miti wa rangi ya kahawia, inaelekea alijificha kwenye mizigo ya jeshi iliyotoka visiwa vya upande wa Papua New Guinea. Ndege wa kule hawakuwahi kuishi na nyoka wa kuwawinda, hawakujua hata kukimbia. Kati ya aina 12 za ndege wa asili wa msituni, 10 zikaisha porini. Msitu ukawa kimya, buibui wakafumuka kwa sababu hakuna wa kuwala, kuna watafiti waliohesabu hadi mara 40 ya wale wa visiwa vya jirani wakati wa mvua. Miti inayotegemea ndege kusambaza mbegu ikaanza kukosa vichipukizi. Nyoka wakawa wanapanda nguzo za umeme wanakatiza umeme wa kisiwa (sisi tuna visingizio vingine). Wamarekani mpaka wakafikia kudondosha panya waliokufa kutoka kwenye helikopta, kila panya kawekewa miligramu 80 za paracetamol, dawa hii hii ya kichwa unayonunua duka la Mangi, maana kwa yule nyoka kiasi hicho ni kifo.

Kinachonipiga ni hiki: nyoka aliingia miaka ya mwisho ya 40 au mwanzoni mwa 50, ndege wakaanza kupotea, watu wakawa wanasema labda ni dawa za kuulia wadudu, labda ugonjwa, na ni mwaka 1987 tu ndo mtafiti Julie Savidge alipochapisha ushahidi uliomnyooshea kidole nyoka. Zaidi ya miaka thelathini! Wakati huo ndege wengi walishakwisha. Kwa hiyo mtu ana haki kabisa ya kuniambia, wewe unayesema tusubiri ushahidi, kwa Guam ushahidi ulikuja na jeneza.

Hoja hiyo naipokea, nzito, na sina jibu la kuifuta. Ila angalia kitu kimoja. Guam ina nyoka wawili tu wa nchi kavu. Mmoja ni huyo muuaji. Mwingine unajua ni nani? Ni huyuhuyu kipofu wetu wa kwenye vyungu. Yuko palepale, kisiwa kilekile, chini ya miguu ya watafiti waliopekua kila jani kutafuta nani kaua ndege wao, na hajawahi kupandishwa kizimbani. Hiyo kwangu ni tofauti kubwa sana. Yule wa miti alifika Guam hana historia ya ugenini, hakuna aliyekuwa anajua atafanya nini. Huyu ana rekodi ndefu, wanasayansi wanamjua zaidi ya miaka 200, ameingia kwenye nchi nyingi zenye watafiti wengi na hela nyingi za kutafuta kosa. Kumsubirisha mtu usiyemjua na kumsubirisha mtu ambaye faili lake limesomwa na nusu ya dunia sio kitu kimoja.

Halafu kuna suala la mahali anapofikia. Udongo wa pwani yetu umejaa nyoka vipofu wa asili tangu zamani, wapo wakubwa wanaopita nusu mita kirahisi, wanakula sisimizi na mchwa walewale. Sisimizi wa Dar hawajaanza jana kuvamiwa shimoni na nyoka kipofu. Ndege wa Guam walikutana na kitu ambacho hakijawahi kuwepo kwao, sisimizi wetu wamekutana na kitu wanachokijua, mdogo zaidi.

Hoja nyingine ya upande wa binamu yangu, ambayo yeye mwenyewe hakuitoa, ngoja nimsaidie, ni kwamba madhara sio lazima yatoke mdomoni. Chatu wa Florida hawakula wanyama tu, walikuja na kimelea cha mapafu kutoka Asia, kikahamia kwa nyoka wa asili wa kule, na sasa kinawaua hata sehemu ambazo chatu wenyewe hawajafika. Hapo nakaa kimya kidogo. Nyoka wa kwenye chungu ni mdogo, ila kimelea hakihitaji nyumba kubwa. Ndo maana sisemi tumsahau. Nasema kuwa na macho kwa mtu ni kitu tofauti na kumfunga.

Na kabla hatujajiona sisi ndo tunaovamiwa kila siku, tumuongelee mjusi kafiri.

Huyu wa ukutani, anayesubiri mbu chini ya taa ya barazani. Wengi tuliokulia Pwani tuliambiwa tukimuona tumpige, wazee wakasimulia kwamba alikuwa anapuliza moto aliotupiwa Nabii Ibrahimu, na mtoto akimpiga anapata thawabu. Sitaki kuingia kwenye mambo ya dini ya mtu. Ninachotaka kusema ni kwamba huyo mjusi, Hemidactylus mabouia, ni wa kwetu, ni Mwafrika, ila mara ya kwanza wanasayansi kumwandika walimwandikia kwenye visiwa vya Karibi, mwaka 1818, Mfaransa Moreau de Jonnès akamuelezea kama mjusi wa Antilles, yaani visiwa hivyohivyo. Alikuwa ameshafika huko kabla ya mtu yeyote kumtambua kwao. Alifikaje? Maelezo ambayo wengi wanayakubali ni meli za biashara ya utumwa, na utafiti wa vinasaba uliotoka 2021 uliendana na hilo, halafu ukaonyesha jambo la ajabu zaidi, kwamba wale tunaowaita jina moja ni koo nyingi tofauti, nyingi zimekaa sehemu zao tu huku mashariki na kusini mwa Afrika, na ni ukoo mmoja ndo uliotembea ukaiteka dunia.

Kule Curaçao, kisiwa kimojawapo cha Karibi, wanamlalamikia. Wana mjusi wao wa asili, Phyllodactylus martini, aliyekuwa anakaa kwenye kuta za nyumba za watu, wa kwetu akaingia, akamtoa ukutani, anagombania sehemu yenye taa na wadudu na hata vitoto vya mwenzie anakula. Yule wa asili sasa unamkuta zaidi maporini mbali na majengo. Kwa hiyo mjusi ambaye Magomeni anauawa kwa chinjachinja ya ndala bila kosa lolote la kimazingira, Curaçao ana kesi na ana mashahidi. Kiumbe yuleyule. Ukienda Florida tena mambo yanachekesha, huko kawafukuza mijusi wengine wa ukutani, mmoja wa kutoka Mediterania na mwingine wa Asia na Pasifiki, ambao nao ni wageni. Sasa hapo nani kavamia nyumba ya nani? Na mi huwa najiuliza kesi ya Curaçao kama ingesikilizwa vizuri kama hata balbu isingeshtakiwa pamoja naye, maana ushindi wake mkubwa ni kwenye kuta zenye mwanga, sisi ndo tumemjengea uwanja wa nyumbani ugenini.

Majirani zetu Kenya nao wana balozi wao, kinyonga wa pembe tatu. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama huko Hawaii aliagiza kinyonga kadhaa kutoka Kenya, wakafika wamechoka, akawaachia bustanini wapate nguvu, wakapata nguvu kweli, wakaondoka. Sasa wamekutwa na konokono wa miti wa asili wa Hawaii tumboni, konokono ambao hawapo popote pengine duniani na ambao tayari walikuwa wanapukutika. Kinyonga huyohuyo, ndugu zake wako mlima Meru pale Arusha, na watalii wanalipa hela kuwaona.

Unaona ninakoelekea. Ukisema "kinyonga huyu ni mvamizi" hujamaliza sentensi. Mvamizi wapi? Kwa nani? Kafanya nini? IUCN, ule muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, wana mfumo wao wa kuwapanga wageni kwa ukubwa wa madhara, waliupitisha rasmi mwaka 2020, unaanzia kwa wale ambao madhara yao hayaonekani kabisa mpaka wale waliofuta spishi nyingine sehemu fulani na haiwezekani kuirudisha. Naupenda huo mfumo kwa sababu unauliza matendo, na unakulazimisha useme ushahidi wako umetoka wapi. Nyoka kipofu wa kwenye chungu nikimpitisha hapo, kwa hapa Dar, namuweka ngazi ya chini kabisa.

Mtu atasema hata kama, kumwita mvamizi kunadhuru nini, ni jina tu. Hapana, Tanzania jina hilo ni hati ya kifo kwa wengi ambao hawakutajwa. Watu wetu hawachunguzi magamba. Ukitangaza kwamba kuna kinyoka cheusi chembamba cha kwenye udongo ni mvamizi, kesho mafuta ya taa yatamwagwa kwenye kila kitu kinachofanana naye, na vinavyofanana naye ni nyoka vipofu wa asili, ni mijusi yetu isiyo na miguu inayoishi mchangani, wengine wanapatikana kwenye kipande kidogo tu cha pwani hii. Yeye mgeni atapona, maana anatosha mmoja kubaki, anaanza upya. Wenyeji wanaohitaji dume na jike wakutane ndo watakaokwisha. Yaani vita ya kuwalinda wenyeji itaua wenyeji. Na hapo sijaongelea hela, nchi yenye magugu maji ziwani na kunguru kila mti haina shilingi ya kupoteza kumfukuza mla mabuu ya mchwa.

Shangazi nilimjibu kifupi, nikamwambia huyu mgeni ndiyo, mvamizi hapana, anakula mchwa, mrudishe kwenye chungu. Akasema chungu chake hapana, nikammwage kwenye mfereji wa nyuma. Tukaelewana kwenye ule mgomba uani.

Ila msimamo wangu huu una mpaka, na mpaka ni bahari. Ninayosema ya Dar siwezi kuyapeleka Pemba vilevile. Kisiwa ni hesabu nyingine. Pemba wana mjusi wao wa kijani wa mchana, Phelsuma parkeri, hayupo popote pengine duniani, wana popo wao mkubwa na bundi wao, na wanyama waliokaa peke yao kisiwani muda mrefu ndo wale wanaokuja kupigwa kama ndege wa Guam. Christmas Island, kile kisiwa cha Australia kwenye Bahari hii hii ya Hindi, mjusi wao mmoja wa msituni wa mwisho kabisa alifia kwenye kizimba mwaka 2014, na kati ya washukiwa wakubwa ni nyoka mgeni kutoka Asia aliyeonekana huko mara ya kwanza 1987, mdogo tu, asiye na sumu ya kumtisha mtu, mtu angemuona angesema huyu ana shida gani.

Kwa hiyo kama kuna hela na nguvu za kutumia, mi ningezipeleka bandarini, kwenye boti na majahazi yanayobeba miche na vyungu kwenda visiwani, na sio kwa ajili ya huyu kipofu bali kwa ajili ya yule ambaye bado hatujamjua jina, atakayekuja kwenye kiriba hichohicho. Udongo usivuke. Mche ung'olewe, mizizi ioshwe ifungwe kwenye gunia lenye unyevu, au lipelekwe tawi tu la kupandikiza, udongo upo huko huko. Vyungu vitupu vigongwe kabla ya kupakiwa. Ni kazi ya ndoo ya maji na kijana mmoja pale gatini, na muuza maua akielezwa vizuri kwamba mzigo wake hautazuiliwa, unaoshwa tu, sioni kwa nini akatae.